Shukrani ya mjitoleaji ianze kabla hajafunga begi

Kijana aliyemaliza mwaka wa kujitolea nje ya nchi hurudi na cheti. Kina jina lake, tarehe aliyoanza na aliyomaliza, mahali alipofanyia kazi na sahihi ya mkuu wa shirika. Ni haki yake, kwa sababu kazi ameifanya. Lakini cheti hicho hakina jina la shangazi aliyetoa nauli ya kwenda Dar es Salaam kufuatilia viza. Hakina jina la mdogo wake aliyebaki akiwakatia ng'ombe majani asubuhi na jioni, wala la mama wa mji wa ugenini aliyemwelekeza namna ya kubadilisha treni asipotee. Hao hawapewi cheti na mtu yeyote. Wanachoweza kupata ni shukrani, na isipotoka kinywani mwa kijana mwenyewe, hakuna mwingine wa kuitoa.

Kwa hiyo siioni shukrani kama pambo la mwisho wa safari. Ni sehemu ya kazi yenyewe. Mwenye ajira akimaliza mkataba wake, wengi waliomsaidia walilipwa kama yeye alivyolipwa. Kazi ya kujitolea husimama juu ya watu ambao hawakulipwa: waliochanga, waliofundisha lugha jikoni, waliovumilia makosa ya mgeni, waliobeba kazi za nyumbani ambazo angezibeba yeye. Asipowashukuru, ameacha deni la mwaka mzima bila kuligusa.

Jambo hili nimeishi nalo karibu. Nyumbani kwetu walipita walimu wa kujitolea kutoka ng'ambo, na mmoja wao alikaa hadi tukamwita kaka. Baadaye nimewaona vijana wa ukoo wetu na wa majirani wakienda Ulaya kwa utaratibu wa aina hiyohiyo, na nimewaona wakirudi. Kutoka pande zote mbili nimejifunza kwamba watu husahau upesi mgeni alifanya kazi gani, lakini hawasahau aliagaje.

Mchango wa huku na wa kule

Mwaka 2008 serikali ya Ujerumani, kupitia wizara yake ya ushirikiano wa maendeleo, ilianzisha mpango uitwao weltwärts. Huwapeleka vijana wa miaka 18 hadi 28 kujitolea katika nchi za Afrika, Asia na Amerika ya Kusini, wengi wao kwa mwaka mmoja. Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda ni kati ya nchi zinazowapokea. Mwaka 2013 mlango ulifunguliwa upande wa pili, vijana wa nchi hizo nao wakaanza kwenda kujitolea Ujerumani.

Vijana wetu hupitia utumishi wa kujitolea wa kitaifa, ambao Ujerumani iliuanzisha Julai 2011 iliposimamisha jeshi la lazima. Wengi hupangiwa shule za chekechea, nyumba za kutunzia wazee, vituo vya watu wenye ulemavu na parokia. Hupewa malazi, bima ya afya na fedha kidogo ya matumizi. Fedha hiyo si mshahara, na nitalirudia jambo hili kwa sababu linagusa shukrani moja kwa moja.

Makanisa yana mkono mkubwa katika safari hizi. Misheni ya Leipzig, iliyopeleka wamisionari wake Kilimanjaro mwaka 1893, leo inawapokea vijana kutoka Tanzania wanaokwenda kufanya kazi katika parokia na vituo vya huko. United Evangelical Mission, yenye ofisi zake Wuppertal, inabadilishana vijana kati ya makanisa wanachama wake ya Afrika, Asia na Ujerumani. Miji ya Hamburg na Dar es Salaam, iliyotiliana mkataba wa undugu mwaka 2010, nayo ina njia zake za kuwakutanisha vijana. Wakenya wanalijua jina la shirika la VSO Jitolee la Nairobi, lililowapeleka wataalamu wa Kenya kujitolea katika nchi nyingine. Mama yake, VSO ya Uingereza, ilianzishwa mwaka 1958 na Alec Dickson na mkewe Mora kwa ajili ya kuwapeleka Waingereza.

Kinachonigusa katika mipango hii ni namna fedha zinavyopatikana. Wengi hudhani kijana wa Kijerumani analipiwa kila kitu na serikali yake. Sivyo. Katika weltwärts serikali hubeba hadi asilimia 75 ya gharama, na kinachobaki hutafutwa na shirika linalomtuma. Mashirika mengi humwomba kijana akusanye watu wake wa kumuunga mkono, yaani babu, mwalimu wake wa zamani, majirani, waumini wenzake na wenzake wa timu ya mpira. Nao hutoa kidogo kidogo kila mwezi, na yeye huwaandikia barua kuwaeleza anavyoendelea.

Msomaji wa Moshi au Kisumu hahitaji kuelezwa hapo. Huo ni mchango. Huku kwetu kijana akipata barua ya kukubaliwa, linafunguliwa kundi la WhatsApp, anateuliwa mweka hazina, na daftari linazunguka. Hata shirika likilipa tiketi ya ndege, yapo mengi yanayoiangukia familia. Pasipoti ya Tanzania ni shilingi 150,000. Cheti cha kuzaliwa kinafuatiliwa RITA, wakala wa usajili. Kuna ada ya masomo ya Kijerumani, kuna nauli na malazi ya Dar es Salaam kwa anayetoka Bukoba au Mbeya kwenda ubalozini Umoja House, kuna koti la baridi na viatu vinavyofunga. Mjomba anatoa 50,000, jirani 10,000, mama muuza vitumbua 2,000.

Mzee wa Leipzig anayetoa fedha yake kila mwezi na mama muuza vitumbua wa Moshi wamefanya tendo moja. Wamemtuma mtoto wa mtu akafanye kazi isiyo na faida kwao. Wote wawili wanastahili kuambiwa kilichotokea baada ya hapo.

Waliobaki nyumbani

Familia inapomruhusu kijana aende mwaka mzima kwenye kazi isiyo na mshahara, haijatoa fedha tu, imetoa na mikono. Msimu wa kahawa mlimani ukifika, yapo matunda ambayo angeyachuma yeye. Kama nyumba inaishi kwa duka la mtaani, yupo aliyekaa nyuma ya kaunta hadi usiku badala yake. Akiwa ni binti, kazi zake za jikoni zimechukuliwa na mwingine, mara nyingi mdogo wake ambaye bado yuko shule na alihitaji muda huo asome.

Wamebeba na mengine yasiyoonekana. Wazazi wetu humficha aliye mbali habari mbaya. Mama amelazwa hospitali, mtoto akipiga simu anaambiwa mama amepumzika. Bibi amefariki, na ukoo unakaa siku nzima ukishauriana nani ampigie na amwambie kwa maneno gani, asije akavunjika moyo akiwa peke yake kwenye chumba cha ugenini. Mwaka mzima watu wa nyumbani wamekuwa wakipima maneno ili yeye afanye kazi kwa amani.

Ndiyo maana nawashauri vijana wanaorudi kwamba shukrani ya kwanza kwa familia ni kusikiliza. Kijana anarudi na mengi ya kusimulia, theluji, treni, watoto wa chekechea waliomwita jina lake kwa lafudhi yao, na kila mtu anataka kuyasikia. Ayasimulie. Lakini kabla wiki haijaisha, akae na baba na mama aulize: niambieni yaliyotokea nilipokuwa sipo. Amuulize na mdogo wake. Akishajua alichobebewa, ndipo atajua anashukuru nini. Asante inayosema "mama, nimesikia kwamba uliugua Juni mkanificha nisihangaike, nawashukuru na poleni" ina uzito ambao asante ya jumla haiwezi kuupata.

Kisha kuna suala la zawadi, linalowatesa vijana wengi kimyakimya. Mtaani Ulaya ni Ulaya. Aliyekwenda kujitolea na aliyekwenda kuajiriwa wanatazamwa kwa jicho moja. Kijana anajua kwamba wapo ndugu wanaosubiri simu, viatu au angalau chokoleti. Wapo wanaotumia fedha yao yote ya miezi ya mwisho kujaza begi, na wapo wanaokwepa nyumba za ndugu miezi mizima kwa aibu ya kwenda mikono mitupu. Hivyo shukrani iliyokusudiwa kuleta watu karibu inawatenga.

Dawa ya hilo ni ukweli unaosemwa mapema. Kijana aiambie familia, akiwa bado huko, kiasi anachopata na kinakwendaje: nauli hii, chakula hiki, simu hii. Wazazi wakishajua, wao ndio watakaomlinda dhidi ya matarajio ya watu. Mama akisema kwa jirani, "mwanangu alikwenda kutumika, hakuwa na mshahara, lakini atakuja kukuona", amemfungulia njia. Akija na pakiti ya kahawa au picha aliyopiga na wazee aliowatunza, inatosha. Kilichosubiriwa zaidi ni miguu yake mlangoni.

Chukua daftari lilelile

Ushauri wangu wa vitendo kwa anayerudi ni mmoja. Alichukue lile daftari la michango, au aliombe kwa mweka hazina, alisome tangu jina la kwanza hadi la mwisho. Lile daftari lililotumika kuomba litumike kushukuru.

Kila jina lipewe lake. Walio karibu aende nyumbani kwao, apige hodi, aketi. Aanze na wazee, kwa sababu wao hawana hakika ya kusubiri. Walio mbali awapigie simu, wala asiishie kuweka ujumbe mmoja kwenye kundi. Ujumbe wa kundi humfikia kila mtu bila kumgusa yeyote.

Asiwapange watu kwa ukubwa wa kiasi walichotoa. Mama muuza vitumbua alitoa 2,000 iliyokuwa mtaji wa kesho yake. Mjomba aliyetoa 50,000 huenda hakuhisi upungufu. Kwa kawaida mwenye kutoa kingi hushukuriwa hadharani siku ileile ya mchango, tena kwa makofi. Aliyetoa kidogo huandikwa na kusahauliwa, na siku kijana aliyerudi kutoka Ulaya atakapokuja kukaa kwenye kigoda chake, akala kitumbua chake na kumweleza jinsi ile safari ilivyokwenda, mtaa mzima utajua kwamba mchango wake ulifika.

Na wapo wasioandikwa daftarini kabisa: mwalimu aliyemsahihishia barua ya maombi, katekista au imamu aliyemwandikia utambulisho, rafiki aliyempa kitanda Dar es Salaam siku za mahojiano ya viza, kijana wa bodaboda aliyemwahisha stendi alfajiri. Hao awaandike mwenyewe, chini ya orodha, kwa mkono wake.

Kuaga kwa wenyeji

Upande wa ugenini shukrani ina taratibu zake, na kutozijua huleta maumivu yasiyo ya lazima. Huku kwetu anayeondoka kazini hufanyiwa sherehe na wenzake, akavishwa kitenge na kupewa zawadi. Ujerumani ni kinyume: anayeondoka ndiye anayeleta keki na kuwaita wenzake mezani. Kijana wetu asiyelijua hilo anaweza kukaa akisubiri aandaliwe, nao wakasubiri awaalike, na siku ikapita. Anaondoka akiamini hakupendwa, nao wanaamini hakutaka kuaga. Wiki mbili kabla ya kuondoka aulize tu kwa uwazi ni lini anaweza kuleta chakula. Na si lazima keki. Pilau, chapati na maandazi vimewakutanisha watu wengi kwenye vyumba vya mapumziko vya wafanyakazi.

Wajerumani pia huithamini barua iliyoandikwa kwa mkono, na huitunza. Familia iliyompa chumba, kiongozi wake wa kazi, mwenzake aliyemfundisha zamu, kila mmoja aandikiwe kadi yake. Hata Kijerumani kikiwa cha kubabaisha, haidhuru, alimradi iseme jambo moja mahususi. "Asanteni kwa kila kitu" inaweza kupelekewa mtu yeyote. "Asante kwa kuwa siku ile ya baridi nilipopanda basi lisilo langu ulikuja kunichukua usiku na hukunilaumu" inamfikia aliyekuja kumchukua, na yeye peke yake.

Kwa aliyefanya kazi na wazee, kuaga kunataka moyo. Mzee wa miaka 90 kwenye nyumba ya kutunzia wazee anajua kwamba kijana akirudi Afrika huenda wasionane tena. Asidanganywe kwa tabasamu na "tutaonana". Akae naye alasiri moja, amwambie tarehe ya kuondoka, amwambie alichojifunza kwake, amwache naye aseme lake. Sisi tuliokuzwa na bibi na babu tuna uwezo huo, tuutumie. Watoto wa chekechea nao waambiwe mapema, siku zihesabiwe pamoja nao kwenye kalenda ya ukutani, ili siku ya mwisho isiwe siku mtu mzima mwingine alipotoweka.

Haya yote hayawezi kufanyika wiki ya mwisho. Wiki hiyo huliwa na makaratasi: kujiondoa kwenye orodha ya wakazi katika ofisi ya mji, kufunga akaunti ya benki, kumaliza mambo ya bima, kurudisha funguo za chumba, kupima begi lisizidi kilo. Anayeanza kushukuru akiwa na mwezi mmoja mkononi ataondoka na moyo mweupe. Anayengoja wiki ya mwisho atawashukuru watu kwa ujumbe wa simu akiwa kwenye foleni ya uwanja wa ndege.

Machi 2020 ilivyotufundisha

Na wakati mwingine hiyo wiki ya mwisho haiji. Katikati ya Machi 2020, korona ilipokuwa ikienea, shirika la Peace Corps la Marekani liliwaondoa wajitoleaji wake wote duniani kwa mara ya kwanza katika historia yake. Walikuwa takriban 7,000, katika nchi zaidi ya 60, Tanzania ikiwemo. Katika siku hizohizo Ujerumani nayo iliwaita nyumbani vijana wake wa weltwärts. Walimu waliacha madarasa katikati ya muhula. Wapo waliofunga begi kwa saa chache na kuondoka kijijini kabla jirani hajarudi shambani.

Upande wa pili, vijana wa Afrika waliokuwa Ujerumani walishuhudia nyumba za wazee zikifungwa kwa wageni na ndege zikisimama. Wapo waliomaliza muda wao bila kuwa na njia ya kurudi, na familia zilizowapokea ziliendelea kukaa nao bila kuwaandikia siku ya mwisho. Hilo nalo ni jambo la kushukuriwa, na halimo kwenye mkataba wowote.

Somo la mwaka ule ni kwamba shukrani ikiwekwa yote kwenye siku ya kuondoka, siku hiyo ikiharibika imepotea yote. Mjitoleaji aliyekuwa akimshukuru mama mwenyeji wake kila mwezi, kwa maneno na kwa kushika jembe, aliondoka ghafla lakini hakuacha pengo la neno. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Anayelishika jembe kwa hiari ameanza kushukuru tangu siku hiyo ya tatu.

Wageni wanaokuja kwetu

Wenye kuja huku nao wana la kujifunza. Peace Corps iliundwa Machi 1961 chini ya Rais John F. Kennedy, na kundi lake la kwanza lilitua Accra, Ghana, Agosti mwaka huo, likiwa na watu 51. Waliposhuka waliwaimbia wenyeji wao wimbo wa Ghana kwa Kitwi. Mwaka huohuo wapimaji ardhi, wahandisi na wanajiolojia waliletwa Tanganyika kusaidia kazi za barabara. Japani ilianzisha kikosi chake cha vijana wa kujitolea mwaka 1965, na kabla miaka ile ya 60 haijaisha walikuwa wamefika Kenya na Tanzania.

Katika miaka yote hiyo waliofanya kazi kubwa zaidi ya kumfinyanga mgeni ni akina mama. Kabla ya kupelekwa vituoni, wajitoleaji wa Peace Corps hukaa kama miezi mitatu na familia za Kitanzania, na mkoa wa Tanga umewapokea wengi. Mama ndiye anayemfundisha kuwasha jiko la mkaa, kufua kwa mikono, kuoga kwa ndoo moja na kusema shikamoo kabla ya kuuliza chochote. Akiugua malaria ni yeye anayekesha. Hata familia ikipewa posho ya kumlisha mgeni, kukesha hakumo kwenye posho. Miaka miwili baadaye mwalimu huyo wa hisabati anasifiwa kwamba anaongea Kiswahili kama mzaliwa, na mama aliyemfundisha maneno yale hatajwi.

Mjitoleaji anayemaliza muda wake huku, kabla ya kumshukuru mkurugenzi wa wilaya, arudi kwa mama huyo. Ampelekee khanga kwa mikono miwili, mbele ya watoto wake, aseme aliyoyapata kwake.

Na achapishe picha. Hili nalisema kwa msisitizo. Wageni hupiga picha maelfu kwa simu zao, na waliopigwa hawaioni hata moja mkononi. Studio ya mjini itachapisha picha kumi kwa fedha isiyozidi chakula cha siku chache. Yule mwalimu wetu tuliyemwita kaka alifanya hivyo: alimpa kila mtoto wa nyumba picha yake, na baba akapewa ya familia nzima. Ni picha pekee ambayo tumo wote pamoja na baba.

Jambo moja asilifanye: kuahidi kwa sababu ya uchungu wa kuaga. Siku ya mwisho machozi yanapotoka, ni rahisi kusema nitarudi mwakani, nitamsomesha huyu mtoto, nitawaletea kisima. Ahadi ni deni, na mtoto aliyeahidiwa ada ataanza kuhesabu siku kesho yake. Asiye na hakika aseme asante na aishie hapo. Asante haihitaji kuongezewa ahadi ili iwe kamili.

Kusema kweli juu ya waliokupokea

Sheria ya Peace Corps iliweka malengo matatu, na la tatu ni kuwasaidia Wamarekani kuwaelewa vizuri zaidi watu wa mataifa mengine. Maana yake ni kwamba kazi ya mjitoleaji haiishi akipanda ndege. Kuna shukrani inayotolewa nyumbani kwake, mbele ya watu ambao hawatawaona kamwe wale waliompokea.

Kijana wa Leipzig akisimama mbele ya watu waliochanga kila mwezi, anaweza kuonyesha picha ya mtoto mwenye nguo iliyochanika na kupata michango zaidi. Anaweza pia kuwaeleza habari za mwalimu mwenye wanafunzi wengi darasani na chaki chache, anayewajua wote kwa majina. La pili ni kweli zaidi, na ni la shukrani zaidi. Mtu aliyekupa kitanda na chakula hapaswi kugeuzwa maskini asiye na jina kwenye ukuta wa ukumbi.

Vijana wetu wanaorudi nao wana wajibu huohuo. Kanisani au msikitini, shuleni au kwenye kikao cha ukoo wakiulizwa Ulaya ikoje, wasiseme tu kwamba barabara ni nzuri na treni zinakwenda kwa saa. Waseme pia juu ya bibi waliyekuwa wakimlisha, ambaye alikuwa akimngoja mwanawe kila Jumapili. Waseme juu ya muuguzi aliyefanya zamu mbili mfululizo, na juu ya jirani aliyewanunulia glovu. Waseme na ya ubaguzi kama waliyapata, kwa sababu wanaofuata wanahitaji kujua. Kuwashukuru watu ni pamoja na kuwaonyesha kama walivyo.

Tunaopokea shukrani

Sisi tunaoshukuriwa nasi tujirekebishe. Mara kijana anapoanza kusema asante, tunamkatiza: aa, usijali, ni kitu kidogo. Tunadhani huo ni unyenyekevu. Kwake ni kama mlango uliofungwa. Mwacheni amalize. Mtazameni usoni mseme, tumepokea, Mungu akubariki.

Sherehe zetu za kuwapokea nazo zitazamwe upya. Kijana amerudi, kamati imekaa, mwongoza sherehe amepata kipaza sauti. Wanatajwa waheshimiwa, kisha inasemwa "itifaki imezingatiwa", na hapohapo watu waliobeba safari wamepitwa. Neno la shukrani linakuja mwisho, chakula kimeshapoa na wengine wanatazama saa, naye anaombwa awe mfupi. Ningependa kuona familia zikimpa kijana nafasi hiyo kabla ya hotuba zote, na dakika za kutosha kutaja majina.

Mashirika nayo yaweke siku za kuaga kwenye kalenda ya kazi, kama yalivyoweka siku za semina. Yamwandikie mzazi barua, kwa lugha anayoisoma, kumwambia kwamba mtoto wake ametumika vizuri. Umoja wa Mataifa, ulioitenga Desemba 5 tangu mwaka 1985 kuwa Siku ya Kimataifa ya Kujitolea, umeutangaza mwaka 2026 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Wajitoleaji kwa Maendeleo Endelevu. Ni nafasi nzuri ya kuwaita jukwaani, pamoja na mjitoleaji, mama aliyemlea na mama aliyempokea.

Na wewe unayesoma haya ukiwa ugenini, umebakiza mwezi mmoja, usingoje mashirika wala sherehe. Tafuta kalamu leo, andika majina ya watu wako wote, wa nyumbani na wa huko uliko. Kisha anza na yule ambaye usipomshukuru wewe, hakuna mwingine atakayemkumbuka.